STESHENI YA MOSHI NA MZIGO WA WAKULIMA

Somo kwa makatibu na wanachama wa vyama vya msingi

Utangulizi

Katibu wa chama cha msingi hupokea zao la mwanachama, hulipima, huliandikia stakabadhi, kisha hulifungia ghalani. Wanachama wengi hudhani kwamba hapo kazi imekwisha, na kilichobaki ni kungoja malipo. Lakini zao lililo ghalani bado halijawa fedha. Kati ya ghala la chama na mnunuzi ipo safari, na safari hiyo ina gharama zake, ina hatari zake, na ina watu wanaofaidika nayo. Mkulima asiyeijua safari ya zao lake hawezi kujua kwa nini bei aliyolipwa si ile aliyoisikia ikitangazwa.

Somo hili laeleza historia ya stesheni moja ya reli, nayo ni stesheni ya Moshi, chini ya mlima Kilimanjaro. Stesheni hiyo imechaguliwa kwa sababu tatu. Kwanza, mji wenyewe ulikua kwa sababu ya stesheni. Pili, kahawa ya wakulima wadogo ilipita hapo katika miaka ile ile ushirika ulipokuwa ukijengwa. Tatu, stesheni hiyo imeona neema, vita, ushindani, ukimya wa miaka mingi, na hatimaye kufunguliwa tena. Katika kila hali hizo limo funzo kwa chama chochote chenye mzigo wa kusafirisha, kiwe cha kahawa, cha pamba, cha korosho au cha tumbaku.

1. Mji ulioshuka kutoka mlimani

Msomaji anayefika Moshi leo huuona mji ukiwa tambarare, penye joto, nao mlima umesimama kaskazini. Haikuwa hivyo tangu zamani. Wachagga waliishi miteremkoni, penye mvua, mifereji na migomba, kila ukoo katika vihamba vyake. Tambarare ilikuwa mahali pa joto na homa, na watu hawakupenda kukaa huko. Makao ya utawala wa Mangi Rindi, na baada yake mwanawe Mangi Meli, yalikuwa juu mlimani, mahali panapoitwa Old Moshi hadi leo. Wajerumani nao, walipomshinda Mangi Meli mwaka 1893, waliweka boma lao huko huko juu.

Reli ndiyo iliyouteremsha mji. Gurudumu la chuma juu ya chuma huteleza likipandishwa mteremko mkali, na kuijenga njia ya kuzunguka mabonde ya mlima kungegharimu fedha nyingi mno. Kwa hiyo wahandisi waliisimamisha reli tambarare, na pale iliposimama wakajenga stesheni, maghala na nyumba za watumishi. Haukupita muda mrefu wafanya biashara wakajenga maduka karibu yake, kisha ofisi za serikali zikashuka. Wajerumani waliuita mahali hapo Moshi Mpya. Baadaye neno “Mpya” likasahaulika, na jina la Moshi likabaki kwa mji wa tambarare, nao mji wa asili ukaitwa wa zamani.

Hapa pana jambo la kuzingatia tangu mwanzo. Stesheni haikujengwa walipo wakulima, bali ilijengwa ilipofaa reli. Mkulima alilazimika kuishukia. Tangu siku hiyo, kila gunia lililotoka mlimani lilikuwa na safari mbili: ya kwanza kutoka shambani hadi reli, na ya pili kutoka reli hadi bandarini. Aghalabu safari ya kwanza, ingawa ni fupi, ndiyo inayomchosha mkulima na kumgharimu zaidi.

2. Miaka kumi na minane njiani

Mwaka 1891 iliundwa kampuni ya Kijerumani ya kujenga reli kutoka bandari ya Tanga kuelekea bara, na mwaka 1893 kazi ilianza. Njia ilikuwa ya upana wa mita moja, kama reli nyingine nyingi za Afrika Mashariki. Mwaka 1896 reli ilifika Muheza, umbali wa kilomita 40 tu, nayo kampuni ikaishiwa na fedha. Mwaka 1899 serikali ya koloni ikaichukua. Reli ikafika Korogwe mwaka 1902 na Mombo mwaka 1905. Moshi ilifikiwa mwaka 1911, na mwanzoni mwa mwaka 1912 njia yote ya kilomita 352 ilifunguliwa rasmi.

Hesabu ni rahisi: kilomita 352 kwa miaka 18, yaani wastani wa kilomita 20 hivi kwa mwaka. Katika nchi ya jirani, Waingereza walianza kujenga reli kutoka Mombasa mwaka 1896, na mwaka 1901 ilikuwa imefika ziwa Victoria, umbali wa zaidi ya kilomita 900. Mbona ya Tanga ilikwenda kwa mwendo wa konokono?

Sababu kubwa ilikuwa mzigo. Serikali ya Uingereza ilikuwa na shabaha ya kufika Uganda, ikatoa fedha za hazina bila kungoja faida. Reli ya Tanga ilianzishwa na kampuni iliyotaka kulipwa na mizigo ya njiani, nayo mizigo hiyo haikuwapo bado. Kahawa ya walowezi katika milima ya Usambara haikustawi kama walivyotazamia. Mkonge, ulioletwa na mtaalamu Richard Hindorf mwaka 1893 kutoka Florida, ulihitaji miaka kadhaa kabla ya kukatwa. Hata hivyo mkonge ulipoanza kutoka kwa wingi, reli nayo ilipata nguvu ya kusonga mbele. Hivyo ndivyo ilivyo popote: reli hufuata mzigo, na mzigo hufuata reli, na kimoja kikikosekana kingine hudhoofika.

Haifai kusahau kwamba tuta la reli lilijengwa kwa mikono ya Waafrika, kwa majembe na karai, katika joto na homa, na wengi wao walipelekwa kazini bila hiari yao. Majina yao hayakuandikwa katika mbao za stesheni.

3. Vita, na njia ya pili

Reli ilikuwa haijatimiza miaka mitatu tangu kufunguliwa Vita Kuu ya Kwanza ilipozuka. Mwezi Novemba 1914 majeshi ya Uingereza yaliyotoka Bara Hindi yalishuka Tanga. Jemadari wa Kijerumani, Lettow-Vorbeck, aliwapakia askari wake katika garimoshi kutoka upande wa Moshi, akawafikisha Tanga kwa wakati, na majeshi yale yakashindwa na kurudi melini. Waingereza walijifunza nguvu ya reli kwa hasara.

Ndipo wakaanza kujenga reli yao ya kijeshi kutoka Voi, katika njia ya Mombasa, kuelekea Taveta. Mwezi Machi 1916, baada ya mapigano makali ya vilima vya Latema na Reata, majeshi ya Jenerali Smuts yaliingia Moshi, na siku chache baadaye yakapigana Kahe. Wajerumani walirudi nyuma wakifuata reli ya Tanga, huku wakibomoa madaraja. Reli ya kijeshi ilisogezwa mbele mpaka ikaungana na ile ya Tanga hapo Kahe, stesheni ndogo iliyo umbali wa kilomita 20 hivi kutoka Moshi.

Reli hiyo ya Voi ilijengwa kwa ajili ya kubeba askari, maji na risasi. Hakuna aliyemfikiria mkulima wa kahawa. Lakini vita vilipokwisha, stesheni ya Moshi ilijikuta ina njia mbili za kwenda baharini: moja kwenda Tanga, na nyingine kupitia Kahe, Taveta na Voi kwenda Mombasa. Jambo hili litaelezwa zaidi mbele, kwa maana liligusa mfuko wa kila mkulima wa Kilimanjaro.

4. Kahawa yashuka mlimani

Mibuni ya kwanza Kilimanjaro ilipandwa na wamisionari wa Kikatoliki wa Kilema, mwishoni mwa karne ya kumi na tisa. Baadaye walowezi wa Kizungu walifungua mashamba makubwa. Wachagga nao walianza kupanda mibuni chini ya migomba yao, kidogo kidogo. Katika miaka ya mwanzo ya 1920, bwana shauri wa Moshi, Charles Dundas, aliwahimiza walime zaidi. Walowezi walipinga vikali. Walidai kwamba mashamba ya Waafrika yangeeneza wadudu na magonjwa. Lakini hofu yao nyingine ilikuwa kwamba mtu mwenye kahawa yake hatakwenda kufanya kazi ya kibarua kwa mwingine.

Mwaka 1925 wakulima waliunda chama chao, Kilimanjaro Native Planters' Association, na Joseph Merinyo akawa rais wake. Shabaha zake zilikuwa kupambana na wadudu wa mibuni, kulinda haki ya Mwafrika ya kulima kahawa, na kuuza mazao kwa pamoja. Baadaye chama hicho kilipatwa na matatizo ya fedha na hesabu, katika wakati ambao bei ya mazao ilikuwa imeanguka duniani kote. Sheria ya Vyama vya Ushirika ilipotungwa mwaka 1932, chama kilipangwa upya, na mwaka 1933 kikaandikishwa chama kikuu cha KNCU, chenye vyama vya msingi chini yake.

Ushirika ndio uliobadilisha sura ya stesheni. Kabla yake, mkulima mmoja mmoja alishuka na debe au gunia lake, akalikuta soko la wachuuzi. Mchuuzi alijua kwamba mtu huyu ametembea tangu alfajiri, na kwamba hawezi kuupandisha mzigo mlimani tena. Bei ilipangwa na uchovu wa muuzaji. Baada ya ushirika, kahawa ya maganda ilipelekwa kwa kichwa au kwa punda hadi ghala la chama cha msingi, mahali pa karibu, ikapimwa na kuandikwa. Kisha ilichukuliwa kwa lori hadi Moshi, ikakobolewa na kupangwa kwa madaraja kiwandani, ndipo ikapakiwa katika mabehewa. Aliyefika stesheni sasa hakuwa mtu mmoja mwenye gunia, bali chama chenye shehena.

Na mabehewa hayakurudi matupu. Yalileta mabati, chumvi, mafuta ya taa, majembe na nguo. Yalileta mrututu wa kunyunyizia mibuni. Bati lililopaa juu ya nyumba ya mkulima lilikuwa kwanza limelala katika bohari ya reli.

5. Mizani, hati na ghala

Inafaa makatibu waelewe kazi za stesheni ya mizigo, maana zinafanana mno na kazi za ghala la chama. Kazi hizo ni tatu.

Ya kwanza ni kupima. Reli hutoza nauli kwa uzito na kwa umbali. Hivyo mzigo lazima upimwe kabla ya kupakiwa, na mizani ya stesheni ndiyo inayoaminiwa. Tuchukue mfano. Chama kimeleta magunia 200, na daftari lake laonyesha kila gunia lina kilo 60. Jumla ni kilo 12,000, au tani 12. Ikiwa mizani ya chama ina kasoro ya kilo moja kwa kila gunia, mizani ya stesheni itasoma kilo 11,800. Kilo 200 zimepotea, yaani zaidi ya magunia matatu, na hakuna mwizi aliyeonekana. Chama kimekwisha mlipa mwanachama kwa kilo 60, lakini kitalipwa kwa kilo 59. Na kama kasoro ni ya upande wa pili, mwanachama ndiye aliyepunjwa. Kwa vyovyote, mizani mbovu huzaa ugomvi.

Ya pili ni kuandika. Mzigo unaopokelewa stesheni hutolewa hati inayoonyesha mwenyewe, idadi ya magunia, alama zake, uzito wake na mahali unapokwenda. Nakala moja hubaki kwa mwenye mzigo, nyingine husafiri pamoja na mzigo. Tangu hati inapotiwa sahihi, dhamana ya mzigo imehama mikononi mwa mwenye mali na kuingia mikononi mwa reli. Gunia likipotea kabla ya sahihi, hasara ni ya chama. Likipotea baada ya sahihi, chama kina haki ya kudai. Lakini anayedai bila hati hadai kitu. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.

Ya tatu ni kutunza. Katika njia moja ya reli, treni mbili zinazokutana hupishana kwenye stesheni tu, hivyo mzigo hungoja zamu yake. Siku za msimu ghala hujaa. Kahawa iliyokauka vizuri hunyonya unyevu ikilala penye sakafu ya maji, nayo huvuta harufu ya kitu kilicho karibu yake, kama mafuta ya taa au ngozi. Bohari iliyotunzwa vizuri hutenga mizigo, huinua magunia juu ya mbao, na hutoa kwanza kilichoingia kwanza.

Kwamba kazi hizi si ndogo kulionekana mwaka 1937, bei ilipokuwa chini na wakulima hawakuridhika. Ghasia zilizuka dhidi ya ushirika katika sehemu kadhaa za Kilimanjaro. Wanachama hawakupenda kulazimishwa kuuza mahali pamoja tu, na hawakuamini kwamba malipo waliyopewa yalilingana na thamani ya zao. Ugomvi huo haukutokana na bei peke yake. Bei ya dunia haikuwa mikononi mwa viongozi; lakini maelezo ya makato, ya nauli na ya gharama za ghala yalikuwa mikononi mwao. Mwanachama asiyeelezwa huamini kwamba ameibiwa, hata pale ambapo hakuibiwa.

6. Tanga au Mombasa?

Mwaka 1929 reli iliendelezwa kutoka Moshi hadi Arusha, kilomita 86. Moshi haikuwa mwisho wa reli tena, bali stesheni ya katikati yenye mizigo ya pande mbili. Swali kubwa la miaka hiyo lilikuwa hili: mzigo uende bandari gani?

Umbali wa kwenda Mombasa kwa njia ya Voi haukutofautiana sana na ule wa kwenda Tanga. Tofauti ilikuwa bandarini. Mombasa ilikuwa na gati za kina kirefu huko Kilindini, zilizojengwa katika miaka ya 1920, ambako meli kubwa iliweza kutia nanga ukutani na kupakiwa moja kwa moja. Tanga, meli zilisimama mbali, na shehena ikapelekwa kwa matishari, ikainuliwa mara ya pili hadi melini. Kila mara gunia linapoinuliwa, mtu hulipwa, na mara nyingine gunia hupasuka. Kwa sababu hiyo sehemu kubwa ya mizigo ya Kilimanjaro ilielekea Mombasa, na serikali ya Tanganyika ikalalamika kwamba reli yake ya Tanga inanyimwa riziki na reli ya jirani.

Kwa mkulima, kuwako kwa njia mbili kulikuwa neema. Mwenye njia moja hupokea nauli anayoambiwa, lakini mwenye njia mbili anaweza kuuliza. Hata hivyo, neema hiyo ilimfaa tu yule aliyekuwa na shehena ya kutosha kuulizia. Injini, dereva na maji ya injini hugharimu vile vile behewa likijaa au likiwa nusu. Kwa hiyo reli humsikiliza anayejaza mabehewa, siyo anayeomba nafasi ya magunia matatu. Chama kikuu, kwa kuunganisha mzigo wa vyama vingi, kilikuwa na sauti ambayo hakuna mkulima peke yake angeweza kuwa nayo.

7. Njia ya tatu, na mpaka uliofungwa

Mwaka 1948 reli za Kenya, Uganda na Tanganyika ziliunganishwa chini ya shirika moja la Afrika Mashariki. Hata hivyo, ndani ya Tanganyika yenyewe reli ya Tanga na Reli ya Kati zilikuwa hazijakutana. Baada ya Uhuru, mwaka 1963, njia ya kuunganisha Ruvu na Mnyusi ilifunguliwa. Kwa mara ya kwanza behewa liliweza kutoka Moshi hadi Dar es Salaam bila kuvuka mpaka. Mwaka huo huo wa 1963 Chuo cha Ushirika kilianzishwa Moshi, na makatibu wa vyama kutoka pande zote za nchi walianza kushuka katika stesheni hiyo kwenda masomoni.

Manufaa ya njia ya Ruvu yalidhihirika mwaka 1977. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, mpaka wa Tanzania na Kenya ukafungwa hadi mwaka 1983, na njia ya Voi ikakoma kuwa mlango wa Moshi. Injini na mabehewa ya shirika la pamoja yaligawanyika, na Shirika la Reli Tanzania likaanzishwa mwaka huo huo kwa kile lilichokipata. Kama njia ya Tanga na ya Ruvu zisingalikuwapo, mzigo wa Kilimanjaro ungalifungiwa. Njia iliyoonekana ya akiba ndiyo iliyookoa.

Miaka hiyo ilikuwa migumu kwa ushirika pia. Mwaka 1976 vyama vikuu vilivunjwa, na ununuzi wa mazao ukakabidhiwa mamlaka za mazao, zilizonunua kutoka vijijini moja kwa moja. Sheria mpya ya mwaka 1982 ilivirudisha vyama vikuu, na KNCU ikaanza tena mwaka 1984. Lakini chama kilichovunjwa na kuundwa upya hakirudi na mambo yake yote. Maghala yalikuwa yamechakaa, kumbukumbu zilikuwa zimetawanyika, na wanachama walikuwa wamejifunza kutotegemea.

8. Ukimya

Barabara za lami zilipofika, malori yalianza kuchukua mzigo mlangoni pa ghala bila kungoja zamu ya treni. Reli, kwa upande wake, ilikosa vipuri na matengenezo. Treni zilichelewa, na mwenye mzigo aliyecheleweshwa mara mbili hakurudi mara ya tatu. Mzigo ulipopungua, mapato yalipungua. Mapato yalipopungua, matengenezo yalipungua zaidi. Katika miaka ya 1990 safari za abiria za Moshi zilikoma, na hatimaye njia yote ya kaskazini ikanyamaza. Majani yalifunika taruma. Watoto waliozaliwa Moshi walikua wakiliona jengo la stesheni bila kuona treni.

Katika miaka hiyo hiyo, biashara ya kahawa ilifunguliwa kwa wanunuzi binafsi, kuanzia mwaka 1994. Mnunuzi aliweza kufika kijijini na fedha mkononi. Kwa mkulima mwenye ada ya shule ya kulipa, fedha za leo zilishinda ahadi ya malipo ya pili. Hapana wa kumlaumu. Lakini shehena iliyokuwa moja iligawanyika katika mikono mingi, na kila mkono ulikuwa na lori lake na nauli yake. Hivyo mambo mawili yalikwenda sambamba: stesheni ilikosa mzigo, na mzigo ulikosa umoja.

9. Kufunguliwa tena

Mwaka 2019, baada ya njia kukarabatiwa, treni za mizigo zilirudi Moshi, na mwezi Desemba mwaka huo abiria walisafiri tena kutoka Dar es Salaam hadi Moshi. Mwaka 2020 treni ilifika Arusha. Watu wengi walijipanga kando ya reli kuitazama. Bandari ya Tanga nayo imechimbwa kina na gati zake kupanuliwa katika miaka ya karibuni, ili meli zihudumiwe ukutani badala ya kungoja matishari. Kasoro ile ya miaka ya 1920, iliyowafanya wenye mizigo waikimbie Tanga, imeondolewa baada ya karibu karne nzima.

Je, hayo yanatosha? La hasha. Reli inayopita karibu na ghala si faida kwa chama kisichojua kina tani ngapi, zitakuwa tayari mwezi gani, na gharama ya kila njia ni kiasi gani. Kukarabati reli ni kazi ya serikali na shirika lake. Kuuleta mzigo pamoja, ukiwa umepimwa na kuandikwa, ni kazi ya chama.

Mambo ya kukumbuka

(a) Mzigo uliounganishwa una sauti. Gunia moja huomba nafasi. Mabehewa kumi hujadiliana nauli. Umoja ni nguvu, utengano ni udhaifu.

(b) Dhamana ya mzigo huhama kwa sahihi. Katibu asikabidhi gunia bila hati, wala asitie sahihi kwa mzigo asiouhesabu mwenyewe.

(c) Mizani ikaguliwe kabla ya msimu. Tofauti kati ya uzito wa chama na uzito wa mahali unapopokelewa mzigo iandikwe kila safari, na kamati iione.

(d) Chama kisitegemee njia moja. Kamati iulize nauli ya njia zaidi ya moja kila msimu, na iweke kumbukumbu za majibu.

(e) Nauli na makato yote yasomwe katika mkutano mkuu kwa lugha ambayo mwanachama anaielewa, kilo kwa kilo. Jambo lililofichwa, hata likiwa halali, huonekana la wizi.

Maswali ya kujadili katika vikundi

1. Kutoka ghala la chama chenu hadi soko, zao hupita mikononi mwa watu wangapi? Kila mmoja hulipwa kiasi gani?

2. Msimu uliopita, uzito wa ghalani na uzito wa mwisho ulitofautiana kwa kilo ngapi? Kama hakuna anayejua, nani alipaswa kujua?

3. Mwanachama mwenye shida ya ada ya shule amemwuzia mnunuzi wa njiani. Chama kingefanya nini kabla ya siku hiyo ili asilazimike kufanya hivyo?

4. Barabara au reli mnayoitumia ikifungwa kwa miezi miwili katikati ya msimu, zao lenu litapita wapi?

Inashauriwa katibu ayasome maswali haya mbele ya kamati kabla ya msimu kuanza, na majibu yaandikwe katika kitabu cha kumbukumbu. Mwaka ujao yasomwe tena, ili wanachama waone kama chama kimesogea mbele au kimesimama pale pale.